Mkono Uchorao Nao Una Amana

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako yumo mtoto ambaye kila apatapo kipande cha makaa hukimbilia ukutani. Umepaka chokaa kwa ajili ya Idi, na wiki haijesha, kumeota majahazi, minazi na punda. Mara ya kwanza ulicheka, ya pili ukakemea, ya tatu ukatafuta fimbo. Nakuomba fimbo hiyo uiweke kando kidogo, unisikilize mimi niliyekula chumo la kuchora kwa zaidi ya miaka thelathini.

Marehemu baba yangu alikuwa na duka. Alipoyaona makaa yangu hakunisifu wala hakunipiga. Aliniletea madaftari ya dukani yaliyoandikwa upande mmoja, akaniambia: ukuta ni wa watu wote, karatasi ni yako. Kisha akanipa sharti kwamba nikitaka kuchora jahazi, kwanza niende bandarini nikatazame foromali inavyoning'inia mlingotini na usukani ulivyokaa. Watoto wote huchora. Wajao kuishi kwa kuchora ni wale waliozoezwa kutazama.

Kazi yenyewe ni hii. Mchoraji wa vitabu hachori apendacho. Huletewa maandishi, akaambiwa ukubwa wa ukurasa na siku ya kumaliza. Huchora kwa penseli, ikarudi na masahihisho, akarudia, ndipo atie wino na rangi. Siku hizi wengi huchora kwa kompyuta, lakini jicho ni lile lile. Majani ya mkarafuu huota mawili mawili yakielekeana. Ukikosea, mtoto wa Pemba atakucheka, na yule ambaye hajauona mkarafuu maishani mwake atadanganyika.

Ndiyo maana nasema mchoro ni amana. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusi aliyefariki karibu mwaka 1013, aliandika kitabu kikubwa cha utabibu, na katika sehemu ya upasuaji akatia michoro ya vyombo vipatavyo 200. Fikiria mhunzi anayekifua chombo kwa kuufuata mchoro: mstari ukipotoka, anayeumia ni mgonjwa. Na hapa kwetu, mjini Siyu katika kisiwa cha Pate, wanakili wa zamani walipamba Misahafu kwa wino mweusi, mwekundu na wa manjano, kwa mikono iliyotulia.

Utaniuliza: na picha za wenye roho je? Maulamaa wamehitilafiana, na mwenye shaka amwulize sheikh wake. Lakini imepokewa kwamba Ibn Abbas alijiwa na mtu ambaye chumo lake lilikuwa kutengeneza picha, naye akamwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Basi riziki ipo katika mimea, majengo, ramani, vyombo, nakshi na hati. Wanangu wamesomeshwa kwa maua na ramani.

Limebaki jambo la malipo. Mwaka mmoja nilikuta michoro yangu katika kitabu kilichochapwa upya, jina langu limeondolewa, na senti sikupewa. Nilipokwenda kudai niliambiwa kuwa michoro ni ya mwenye kitabu. Nikatoa karatasi ya mapatano yenye sahihi zetu sote wawili, nikalipwa. Mazoea hayo nilirithi dukani kwa baba, aliyekuwa akitukumbusha kuwa aya ya 282 ya Suratul Baqara imeamrisha deni la muda liandikwe. Leo sheria za hakimiliki nazo zipo, ya mwaka 1999 Tanzania Bara na ya mwaka 2001 Kenya, lakini sheria humfaa zaidi mwenye ushahidi mkononi.

Basi mzazi, mpe mtoto karatasi, umpeleke akatazame vitu vyenyewe. Mzoeze kumaliza alichoanza na kutimiza ahadi ya siku. Wala masomo mengine asiyaache kwa kisingizio cha kipaji, kwani mchoraji asiyeelewa asomacho atachora lisilokusudiwa. Huenda asije kuwa mchoraji. Atakuwa fundi, mpimaji ardhi au tabibu, na jicho lile litamfaa. Chanda chema huvikwa pete, nacho hulelewa kingali kidogo.

Wabillahi tawfiq.