Amplifaya ya Mjomba

Wenzangu wa bwenini wamekwisha niuliza mara nyingi kwa nini kila nionapo waya mpya huukwaruza kwa kisu. Heri nieleze mara moja hapa gazetini, nipumzike maswali. Habari yenyewe ilianza kwa kosa langu mwenyewe, wala sitalificha.

Kwetu ni Newala, juu ya uwanda wa Makonde, si mbali na Shimo la Mungu, pale ambapo nchi hukatika ghafula na mtu huliona bonde la Ruvuma hata ng'ambo ya Msumbiji. Nakaa kwa mjomba. Msomaji asiye Mmakonde asishangae. Kwetu mjomba si mgeni wa sikukuu, ndiye mwenye neno juu ya wapwa zake. Pamoja nasi anakaa Bibi, mama yake mjomba, ambaye macho yake yamepungua nguvu lakini masikio bado.

Mjomba alikuwa na amplifaya ya zamani, deki ya kaseti, na spika mbili ambazo seremala mmoja alizitengenezea masanduku ya mninga. Amplifaya ilikaa chumbani kwake kwa kuogopa wezi, na spika zilikaa barazani, kwa hiyo waya mwembamba kama wa simu ulipita juu ya dari mwendo wa mita 15. Jioni, baada ya kula, tulisikiliza Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwaka 1979, lakini kwetu bado alipiga gitaa kila Jumamosi.

Walakini kaseti iliyokuwa na heshima kuliko zote haikutoka dukani. Ni ile aliyorekodiwa Babu mwaka 1986, akiimba katika sherehe ya watoto kutoka jandoni. Babu alifariki kabla sijazaliwa, na hiyo ndiyo sauti yake pekee iliyobaki. Bibi alikuwa akiisikiliza huku amekunja uso. Alisema, "Namsikia, lakini simwelewi. Kama anaimba ndani ya mtungi."

Basi mwezi wa Juni 2023 palikuwa na sherehe nyumbani. Upande mmoja wa amplifaya ulikuwa umekwisha kufa, nami nikajitia ufundi. Nikaazima spika mbili kwa jirani, nikazifunga zote nne upande ule mzima, waya juu ya waya. Nyuma ya amplifaya paliandikwa wazi kwamba omu zisipungue 4. Kila spika ilikuwa ya omu 8, nami nikadhani kwamba kadiri spika zinavyozidi ndivyo omu zinavyozidi. Kumbe zikifungwa hivyo, ubavu kwa ubavu, hupungua: mbili za 8 huwa 4, na nne huwa 2. Umeme ukipata njia pana namna hiyo, amplifaya hulazimika kutoa mkondo isiouweza. Muziki ulilia vizuri kwa muda wa saa moja hivi. Halafu watu wakaanza kunusanusa. Mimi nilikuwa wa kwanza kujua na wa mwisho kusema.

Mjomba hakunipiga wala hakunikaripia. Alichomoa plagi, akaibeba amplifaya nje, akailaza juu ya mchanga kama mtu awekaye kuku aliyekufa kwa kideri, kisha akarudi kwa wageni. Siku tatu hakunisemesha ila kwa kunituma maji. Na kwa jinsi maji yalivyo adimu juu ya uwanda wetu, kutumwa maji si jambo dogo.

Mwezi wa Desemba fedha za korosho zetu zilizouzwa mnadani zikaingia. Fedha zile nilizijua. Likizo ileile ya Juni mimi ndiye niliyepulizia mikorosho salfa alfajiri, uso nimeufunga kitambaa, ili ubwiriunga usiharibu maua. Mjomba akahesabu shilingi 180,000 akaniwekea mkononi, na nauli akanipa mbali. Akasema, "Mpwa wangu, wewe uliiua, wewe utanunua nyingine. Hii nayo ikifa, nyumba hii haitakuwa na muziki tena."

Nikashuka Masasi kwa basi la asubuhi. Katika duka la kwanza nikaiona amplifaya ndogo, nyepesi, yenye taa za buluu zinazochezacheza, na usoni pake imeandikwa wati 5,000. Bei shilingi 150,000. Muuzaji, kijana mchangamfu, akaniambia, "Mdogo wangu, hii itaamsha Newala nzima." Moyo ulinienda mbio. Lakini nikakumbuka neno la Mwalimu wetu wa Fizikia, kwamba chombo cha umeme husomwa mgongoni, si usoni. Nikaigeuza. Nyuma palikuwa na kibandiko: volti 230, wati 60. Yaani inakula wati 60 kutoka ukutani na kudai kutoa 5,000! Ingekuwa kweli, serikali ingezima mitambo ya gesi ya Mtwara ikaweka amplifaya hizi mahali pake.

Hesabu hiyo ya kutisha huandikwa kwa herufi PMPO, nayo haina kanuni inayokubalika. Kila mtengenezaji huandika apendavyo. Zinazofaa kutafutwa ni wati za RMS, ambazo chombo huweza kuzitoa mfululizo bila kuungua. Hata hizo zisimtie mtu wazimu. Wati zikiongezwa mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, ambazo sikio huzitambua kidogo. Mtu akitaka asikie kama sauti imekuwa maradufu, huhitaji wati mara kumi hivi.

Muuzaji yule akanionyesha na waya wa spika, mnene, ganda lake kama kioo, ndani unang'aa kama mkufu, shilingi 3,000 kila mita. Nikaomba ruhusa nikaukwaruza kwa kisu. Lo! Ndani mweupe. Ulikuwa aluminiamu iliyovikwa shaba. Si kwamba waya wa namna hiyo haupitishi umeme. Ukinzani wake ni kama mara moja na nusu ya ule wa shaba tupu, na ukiwa mnene hufaa. Kosa ni kuuza aluminiamu kwa bei ya shaba. Nikashukuru, nikatoka mikono mitupu.

Nikapanda hadi shuleni, nikamkuta Mwalimu nyumbani kwake. Nilimpa shikamoo, nikamweleza yote pamoja na habari ya ule moshi. Hakucheka sana. Akaniambia nipige hesabu ya waya mbele yake. Waya wa shaba wenye unene wa milimita moja ya mraba una ukinzani wa omu 0.017 hivi kwa kila mita. Nikaandika mita 15, naye akaweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu, ingawa ilikuwa likizo. Nilisahau kwamba umeme huenda na kurudi: ni mita 30. Nikaanza tena. Waya wetu wa zamani, wenye milimita za mraba 0.2, ulikuwa na ukinzani wa omu 2.6 hivi. Mbele ya spika ya omu 8, waya ule ulikula karibu robo ya volti zote kabla hazijafika barazani. Waya wa 1.5 hula kama sehemu 4 katika 100, na wa 2.5 hula chini ya sehemu 3. Mwalimu akauliza, "Sikio la Bibi litajua tofauti ya 4 na 3?" Nikasema halitajua. Akaniambia kwamba mwaka 1983 gazeti la Marekani liitwalo Stereo Review liliwajaribu wasikilizaji, na walipopigiwa muziki hawakuweza kutofautisha waya wa fahari na waya mnene wa kawaida.

Basi nikanunua waya wa nyumba, ule mafundi wautumiao kwa taa, wa 1.5, shaba tupu, mita 60 kwa shilingi 48,000. Amplifaya nilimkuta nayo fundi redio mmoja, iliyokwisha tumika, wati 40 kila upande, omu 4 hadi 8. Haikuwa na taa ya kucheza hata moja. Nilimwomba aiache ipige nusu saa, nikasikiliza pande zote mbili, nikagusa mgongo wake: vuguvugu tu. Ilikuwa nzito kwa sababu ya transfoma yake, na nilipanda nayo mlima hadi Newala nimeipakata kama mtoto. Shilingi 120,000.

Nikafunga waya mpya siku ya pili, spika mbili tu, moja kila upande. Mjomba akaketi. Nikawasha, na Mbaraka akalia kama yu ndani ya kopo! Besi haikuwapo kabisa. Mjomba akanitazama, hakusema neno. Nadhani dakika ile ilikuwa ndefu kuliko siku zile tatu za maji.

Sababu ilikuwa ndogo. Duka lilikuwa na waya mwekundu peke yake, nami juu ya dari nilichanganya wa chanya na wa hasi. Spika moja ilisukuma hewa huku nyingine ikiivuta, na sauti nzito zikauana katikati. Nikazima, nikafungua waya upande wa amplifaya, nikachukua betri ya tochi ya volti 1.5, nikagusisha, na mdogo wangu akatazama spika barazani. Ya kushoto akasema imetoka nje. Ya kulia, imeingia ndani. Nikazigeuza nyaya za kulia, nikatia fundo la uzi mweupe kwenye kila waya wa chanya, na besi ikarudi.

Kabla ya kuweka kaseti ya Babu nilisafisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti. Pamba ilitoka ya kahawia kama maji ya Ruvuma wakati wa masika. Kusema kweli, nadhani pamba ile ya shilingi mia mbili ilimsaidia Bibi kuliko mita zote 60 za waya, ingawa sikumwambia mjomba hivyo.

Babu akaanza kuimba. Maneno yakatoka moja moja, na nyuma yake makofi ya watu, na kikohozi kimoja ambacho hatukuwahi kukisikia. Bibi alinyamaza hata upande wa kwanza ukaisha. Nikamwuliza, "Bibi, sasa unamwelewa?"

"Namwelewa," akasema. "Siku ile alikuwa na mafua. Nilimkataza asiimbe, hakusikia."

Mjomba hakuwa akilijua jambo hilo. Nikamkabidhi shilingi 12,000 zilizobaki, akazipokea bila kuzihesabu, akaenda chumbani kugeuza kaseti.