Mkono juu ya kinywa

Huku kwetu Kamina mtoto anayecheka akiwa amefunika kinywa kwa mkono husifiwa. Wakubwa husema amefundishwa vizuri. Neno hili linatoka mbali. Kila mwana wa Muluba amesikia habari za Mbidi Kiluwe, yule mwindaji aliyetoka upande wa mashariki akafikia kwa Nkongolo. Nkongolo alikula na kunywa mbele ya watu wote, lakini mgeni wake alijificha ili asionwe akila wala akinywa, na desturi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa ya bulopwe, ufalme wetu, tangu Kalala Ilunga mwana wake. Basi kwetu kinywa si kitu cha kuachwa wazi ovyo.

Binti yetu alikuwa na mkono huo. Tangu alipofika miaka 10 hivi, kabla ya kucheka mkono ulitangulia. Wageni walitupongeza, na sisi tulipokea pongezi kama watu waliofanya kazi. Mwaka 2009, alipokuwa na miaka 12, mwalimu mmoja alituita akatuambia: mtoto huyu hasomi kwa sauti, haimbi, akijibu anainamisha kichwa, muulizeni. Tukamuuliza. Alilia kwanza, halafu akaondoa mkono na kufungua kinywa. Chonge zake 2 za juu zilikuwa zimetokea juu kabisa kwenye ufizi, nje ya safu, sawa watu waliochelewa treni wakakuta viti vimejaa. Masomoni walimpa jina ambalo hatutaliandika hapa. Tulikuwa tunakula naye kila siku, na hatukuona.

Lakini haikuwa mara ya kwanza meno ya mtoto huyu kuleta maneno katika nyumba. Alizaliwa mwaka 1997. Alipokuwa na miezi 8 mama yake alimpitishia kidole kinywani akagusa kitu kigumu, kikiwa juu. Chini hapakuwa na kitu. Nkambo wetu aliyeishi nasi, mwanamke aliyezaliwa wakati wa Wabelgiji, alikuja akaangalia, akakaa chini. Jina la mtoto anayeanza na meno ya juu analo kila kabila, na Nkambo alilijua kwa Kiluba, lakini alikataa kulitamka. Waswahili wa pwani wanasema kigego, na kwao pia lilikuwa neno la kutisha. David Livingstone alifika kwa Kazembe, upande wa Luapula, mwezi wa Novemba 1867, na katika kitabu chake cha safari aliandika kwamba huko mtoto aliyetanguliza meno ya juu alionekana ni wa mkosi na aliweza kuuawa, au kupewa Waarabu wakiwa karibu, kwani wao hawakuogopa jambo hilo. Yaani jino moja liliweza kumpeleka mtoto utumwani.

Sisi hatukuua mtu, wala hatukumtupa. Tulikuwa watu wa masomo na tulicheka maneno hayo, kwa sauti ndogo. Hata hivyo, Nkambo aliposema jirani asione kinywa cha mtoto mpaka meno ya chini yatoke, tulikubali. Wiki 3 nzima mama yake alimbeba mgongoni uso ukielekea ndani, na alipolia mbele ya watu alimfunika kinywa kwa kiganja. Meno ya chini yakatoka, maneno yakaisha. Munganga yeyote atakuambia leo kwamba kwa kawaida meno ya chini hutangulia, karibu na mwezi wa 6, lakini watoto wengine huanza na ya juu na hakuna ubaya wowote unaofuata. Sisi tunaongeza tu kwamba mkono wa kwanza uliofunika kinywa cha binti yetu haukuwa wake. Ulikuwa wetu.

Nkambo mwenyewe alikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa. Vijana wa leo wakisikia hivyo wanafikiri ni ushenzi, au wanafikiri watu walitaka kutisha. Hapana. Ilikuwa urembo, pamoja na chale za tumboni na nywele zilizosukwa kwa siku nyingi. Msichana alilala chali, fundi akaja na chuma chake kidogo na kitu cha kugongea, akavunja pembe za jino kidogo kidogo. Aliyelia alichekwa. Kwa macho ya wakati ule, mdomo wenye meno mazima ulikuwa bado haujamalizika, sawa nyumba isiyopigwa lipu. Mwanya wa mbele ulipendwa pia, na mpaka sasa unapendwa. Tunawajua watu ambao hata kwa feza ya bure hawatakubali uzibwe. (Ulaya kuna waliolipa ili uzibwe. Kila nchi na deni lake.)

Ni kweli meno hayohayo yaliwatia wengine taabuni. Ota Benga, kijana Mbuti kutoka Kongo hii yetu, alichukuliwa na Mmarekani Samuel Verner akaonyeshwa kwenye maonyesho ya St. Louis mwaka 1904, na mwaka 1906 akawekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx huko New York, katika nyumba ya nyani. Meno yake yaliyochongwa ndiyo watu waliyotaka kuona. Baadaye, akiwa Lynchburg katika Virginia, alifunikwa meno yale ili afanane na wengine. Mwaka 1916 alijiua. Hatusemi meno ndiyo yaliyomuua. Tunasema tu kwamba meno yaleyale yalikuwa urembo kwao na kichekesho kule, na aliyebadilishwa alikuwa yeye, si waliomcheka. Tulimfikiri sana wakati ule, kwani jambo lililokuwa mbele yetu lilikuwa karibu na hilo: je, tumtengeneze mtoto, au tuwafundishe wenzake wanyamaze?

Kwanza tulitaka kujua kosa limetoka wapi. Munganga wa meno tuliyemwona Lubumbashi, tulipokuwa tumekwenda kwa msiba, alimtazama kinywani muda mrefu, akaangalia hasa magego, jinsi la juu linavyokaa na la chini. Alituambia kwamba Mmarekani Edward Angle, aliyegawa meno yasiyokutana vizuri katika makundi 3 mwaka 1899, alianzia kwenye gego la kwanza. Halafu akauliza: nani alimng'oa meno ya utoto? Tukakumbuka. Alipokuwa na miaka 7 magego 2 ya utoto yalimuuma, moja kila upande wa juu. Tulimpeleka kwa mtu mmoja wa mtaani aliyekuwa na koleo, akayatoa kwa dakika chache, na tukafurahi kwa sababu usiku ule mtoto alilala. Meno ya utoto si yataanguka hata hivyo?

Kumbe meno ya utoto ni 20 na kila moja linashikia nafasi mwenzake atakayekuja. Gego kubwa la kwanza, ambalo hutoka mtoto akiwa na miaka 6, likikuta mbele yake pako wazi, linasogea mbele polepole. Chonge ya juu inakuja ya mwisho mwisho, miaka 11 au 12, na inakuta shamba limekwisha kugawanywa. Inatokea inapoweza. Tungetibu jino lile, au tungewekewa waya mdogo wa kushika nafasi baada ya kung'oa, pengine haya yote yasingekuwa. Munganga hakutulaumu. Tulijilaumu wenyewe ndani ya basi.

Tuongeze mengine aliyotufundisha, kwani tunaona watoto wengi hapa wanaoteswa bila sababu. Mtoto wa miaka 6 au 7 akiota jino jipya nyuma ya lile la utoto, meno yakawa safu mbili chini, si uchawi: mara nyingi la zamani litalegea na kutoka, na ulimi utasukuma jipya mbele. Anayenyonya kidole baada ya miaka 4 au 5 anaweza kupata meno ya mbele yasiyokutana, ukamwona hawezi kukata mkate kwa meno. Taya la chini linalotangulia la juu, hilo mara nyingi ni la ukoo, na ni afadhali lionwe mapema mtoto akiwa bado anakua. Chuma na pilipili kwenye kidole haviponyi kitu.

Dawa ya binti yetu ilikuwa waya. Vidude vidogo vya chuma vinagandishwa kwenye kila jino, na waya unapita ndani yao ukisukuma bila kuchoka. Upande unaosukumwa mfupa unayeyuka kidogo, upande ulioachwa mfupa mpya unajengeka, na jino linatembea. Lakini linatembea polepole: miaka 2 hivi, na kila wiki 4 au 6 munganga akaze waya. Kutoka Kamina mpaka Lubumbashi kwa reli, kupitia Bukama, Tenke na Likasi, ni kilometa karibu 600, na treni ya miaka ile haikuwa na saa. Maana yake mtoto aende kuishi huko, kwa shangazi yake, Katuba.

Ukoo ulikaa. Mjomba mmoja alisema ni yale yale ya mwaka 1997 yamerudi, na waya hauwezi kufunga jambo la namna hiyo. Mwingine, mwenye akili zaidi, alisema hivi: kuna watoto katika ukoo huu wamefukuzwa masomo kwa kukosa feza, na ninyi mnataka kununua kicheko? Hatukuwa na jibu zuri. Mpaka leo hatuna. Tuliuza baiskeli 2 na mahindi ya msimu, tukalipa kidogo kidogo, na mtoto wa kaka yetu alirudia mwaka. Tunaliandika hilo kwa sababu ni kweli.

Nkambo hakusema kitu katika baraza lile. Alimwita binti tu usiku, akamwambia afungue kinywa, akapitisha kidole juu ya chonge zile.

Likizo ya kwanza binti alirudi na chuma chote kinywani, vyakula vigumu vimekatazwa, muhogo wa kuchoma haruhusiwi. Watoto wa jirani walijaa uani kuona. Alicheka, na mkono ukapanda wenyewe kwa mazoea, ukafika kidevuni, ukarudi chini. Nkambo alimvuta karibu kwenye mwanga, akahesabu vile vidude kimoja kimoja, akauliza kazi hii itachukua muda gani. Miaka 2, Nkambo. Akacheka naye, meno yake yaliyochongwa yote nje.

“Miaka mbili! Yetu ilimalizikaka asubui moya tu.”