Alif Iliyoinama

Nimefundisha watoto herufi kwa zaidi ya miaka thelathini, nami nilijidhania kuwa nikiuona mwandiko mbaya naijua na sababu yake.

Mwana wa jirani yangu, mwenye umri wa miaka tisa, alirejea madrasani huku akiendelea kutibiwa saratani ya damu. Alif yake, iliyokuwa ikisimama kama mlingoti, sasa ilikuwa yalala. Kalamu yamponyoka, na mguu auburura. Nikamkaripia mbele ya wenziwe kwa uvivu. Mama yake aliponieleza kuwa ni dawa iliyomfanya hivyo, nikaongeza kosa juu ya kosa: nikamshauri aiache.

Mama yule alinishinda kwa busara. Akasema, "Maalim, twende pamoja ukamsikilize daktari."

Daktari akatufahamisha kuwa ndani ya chembe za mwili mna vijibomba vya protini iitwayo tubulini, vyembamba hata 40,000 vikilazwa ubavu kwa ubavu ndipo vitimie milimita moja. Chembe inapogawanyika, hivyo ndivyo vivutavyo kromosomu, nusu huku na nusu huku. Dawa ile, vinkristini, huishika tubulini, ujenzi wa vijibomba ukasimama, na chembe ya saratani, isiyokoma kugawanyika, ikafa. Lakini mishipa ya fahamu nayo ina vijibomba vivyo hivyo, navyo ni njia ya kupitishia mahitaji yake toka uti wa mgongo hata ncha za vidole. Ndiyo maana kalamu ikaponyoka. Daktari akapunguza kipimo, wala hakuikatiza dawa.

Ajabu ni kuwa dawa hiyo yatokana na ua la asili ya Bukini, ambalo wengi hulipanda uani kwa uzuri wake tu. Majani yake yalipelekwa Kanada toka Jamaika kwa kudhaniwa kuwa yatibu kisukari. Robert Noble na Charles Beer wakaona yapunguza chembe nyeupe za damu, na mwaka 1958 wakatangaza vinblastini. Nduguye, vinkristini, iliruhusiwa Marekani mwaka 1963. Lakini mtu asiyachemshe majani hayo nyumbani, kwani yana sumu.

Mtoto yule nilimwomba radhi mbele ya wenziwe wale wale. Alif yake bado yainama kidogo. Nami sasa, mwanafunzi akikosea, humwuliza kwanza.