Usiku Wangu na Mashine ya Pumzi



Safari hii wahariri hawakunipa mada ya tajwidi wala ya sira. Wameniomba nieleze jambo ambalo wanafunzi wamekuwa wakiulizana tangu safari yetu ya Lamu, wavulana walipolala nami ukumbi mmoja wakamwona maalimu wao amevaa kitu puani chenye mpira mrefu kama mkonga wa ndovu. Wengine walidhani naumwa mapafu. Mmoja, nasikia, aliwaambia wenzake kuwa maalimu anajifunza kupiga mbizi. Nimecheka sana, na sasa nitajibu.

Ugonjwa usioonwa na mwenyewe

Mapafu yangu ni mazima, alhamdulillahi. Nilicho nacho ni tatizo la pumzi kukatika usingizini, ambalo madaktari huliita apnia. Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa wengi wetu njia ya hewa hubaki wazi. Kwa mwenye tatizo hili, ulimi na nyama laini za kooni huangukia nyuma, njia ikaziba, na pumzi ikasimama kwa sekunde 10 au zaidi. Kifua hujitahidi kuvuta lakini hewa haipiti. Oksijeni ikipungua, ubongo humshtua mtu, akakoroma kwa kishindo, akavuta hewa, akalala tena. Jambo hili linaweza kurudi mara nyingi katika saa moja, na asubuhi mwenyewe hakumbuki lolote.

Huo ndio ugeni wa maradhi haya. Jino likikuuma, wewe ndiye wa kwanza kujua. Haya, wanaoyajua ni wale walio macho wakati wewe umelala. Nyumbani kwangu aliyeyajua ni mama watoto. Nilipokuwa nikikoroma hakupata usingizi, na nilipokuwa nikinyamaza aliogopa. Akawa analala huku anasikiliza. Pumzi ikisimama, huanza kuhesabu kimoyomoyo mpaka niivute tena. Usiku mmoja alihesabu mpaka 30, akanitikisa bega kwa nguvu. Nikamuuliza kuna nini. Akasema, "Bwana, ulikuwa hupumui." Sauti yake ilikuwa inatetemeka.

Upande wangu mimi niliona mambo mengine. Nilikuwa nikiamka koo limekauka na kichwa kinauma, kana kwamba sikulala kabisa. Mwanafunzi akinisomea, kichwa changu huinama kabla hajafika nusu ya ukurasa. Hutuba ya Ijumaa nilikuwa nikiisikia mwanzo na mwisho tu. Wiki ile ile ya kutikiswa bega tulikwenda hospitali, na mama watoto akaingia nami kwa daktari, kwa sababu shahidi ni yeye.

Nilipewa kifaa cha kulala nacho nyumbani usiku mmoja: mkanda kifuani, kijimpira puani, na kibanio kidoleni cha kupima oksijeni. Majibu yalionyesha kuwa pumzi yangu ilikatika au kupungua mara 42 kwa saa. Daktari akanifafanulia: kuanzia 5 hadi 14 kwa saa ni tatizo dogo, 15 hadi 29 ni la kati, na 30 kwenda juu ni kubwa. Akaniambia pia kuwa tatizo hili likiachwa huenda pamoja na shinikizo la damu, na kwamba wengi hupata ajali kwa kusinzia wakiendesha gari.

Mashine yenyewe

Dawa niliyoandikiwa ni mashine ya CPAP. Herufi hizo nne maana yake ni mgandamizo wa hewa usiokatika ndani ya njia ya pumzi. Ni kisanduku kidogo cha kuweka mezani kando ya kitanda. Ndani yake mna feni inayovuta hewa ile ile ya chumbani, ikaisafisha kwa kichujio na kuisukuma kupitia mpira mpaka kwenye barakoa. Hewa hiyo haina dawa ndani yake. Kazi yake ni kulishikilia koo lisifunge, kama upepo unavyojaza tanga la jahazi likasimama wima.

Nguvu yake hupimwa kwa sentimita za maji, na kwa kawaida huanzia 4 na kufika 20. Yangu huanza na 4 nikiwa bado macho, kisha hupanda polepole.

Kabla ya kifaa hiki, mwenye tatizo kubwa alikuwa akitobolewa tundu shingoni ili apumue. Mwaka 1981, Colin Sullivan wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la The Lancet habari za wagonjwa 5 waliotibiwa kwa hewa ya kusukumwa puani. Tangu hapo watu wengi duniani wameepushwa na kisu.

Kuzoea

Sasa nije kwenye lile mlilouliza hasa: mtu anazoeaje kulala na kitu kama kile usoni?

Usiku wa kwanza nilidumu nayo dakika 40. Unapotoa pumzi, unahisi kama unapuliza dhidi ya upepo. Moyo unakwenda mbio, na mkono wenyewe unakwenda kuivua. Muuguzi aliyetukabidhi mashine alikuwa ametwambia mapema kuwa hali hiyo huwapata wengi, na akatupa njia: msishindane nayo usiku, ifanyeni rafiki mchana.

Basi kila baada ya Alasiri nilikaa kitini sebuleni, nikaishika barakoa kwa mkono bila kufunga mikanda. Binti yangu mdogo, ambaye ni mwanafunzi wa madrasa hii, akawa anakaa mbele yangu na msahafu. Siku ya kwanza alinisomea Suratul-Mulk, na muda wangu wa mashine ukawa ndio urefu wa sura ile. Siku ya pili alisoma mara mbili. Siku ya tatu nikafunga mikanda, naye akaanza Yaasin.

Kuna jambo moja: barakoa yangu ni ya puani, na ukifungua mdomo hewa yote hutoka kwa kasi mdomoni. Kwa hiyo sikuweza kusema. Akikosea, nilikuwa nikiinua kidole, naye hurudi nyuma mwenyewe kutafuta kosa lake. Mwishoni mwa juma la pili alikuwa amehifadhi kurasa kadhaa, nami nilikuwa naweza kukaa nayo saa nzima bila kuikumbuka.

Baada ya hapo nikaanza kuivaa wakati wa usingizi wa mchana, kisha usiku. Saa moja, kisha mbili. Nikiamka nimeivua bila kujua, naivaa tena. Juma la nne nilifika saa 4, kiwango ambacho madaktari wengi hukitazama kama alama ya kuwa mgonjwa anaitumia ipasavyo. Mwezi wa pili nililala nayo mpaka adhana ya Alfajiri.

Mambo madogo yenye uzito

Nitayataja machache, huenda yakamfaa mzazi au jamaa aliye katika hali hii.

Mikanda ikikazwa sana huleta vidonda juu ya pua, na ikilegea hewa huvuja mpaka machoni. Ikaze ukiwa umelala chali na mashine inafanya kazi, si ukiwa umekaa.

Wenye ndevu wasikate tamaa. Ile barakoa kubwa ya kufunika pua na mdomo huvuja pembezoni mwa ndevu, lakini ipo aina ndogo yenye vijimpira viwili vinavyokaa kwenye matundu ya pua tu. Hiyo ndiyo yangu, na ndevu zangu mnaziona zilivyo.

Pua na koo hukauka. Mashine ina tangi dogo la maji linalotia hewa unyevu. Maji yake ni yale yaliyogeuzwa mvuke na kupozwa tena, yasiyo na chumvi. Kila asubuhi mwaga yaliyobaki, na uoshe barakoa kwa sabuni laini na maji ya vuguvugu.

Stima ikikatika usiku, mtu haishiwi na hewa. Barakoa ina matundu madogo ya kutolea pumzi, na mwenye kuvaa ya puani hupumua kwa mdomo. Mimi huamka, nikaivua, nikafungua dirisha.

Ukitaka kuamka kwa ajili ya kisimamo cha usiku, au kwenda msalani, unachomoa mpira tu na barakoa ikabaki kichwani mpaka wakati wa udhu.

Na Ramadhani je? Nilimuuliza shekhe wangu kuhusu kuivaa baada ya daku, nikiwa nimeshanuia. Akanieleza kuwa Jumuiya ya Fiqhi ya Kimataifa, katika kikao chake cha 10 kilichofanyika Jidda mwaka 1997, iliitaja hewa ya oksijeni miongoni mwa vitu visivyobatilisha saumu. Hewa ya mashine yangu ni hii hii tuivutayo sote. Kwa tahadhari akanishauri nilizime tangi la maji baada ya Alfajiri. Mwenye swali la aina hii na amuulize shekhe wake na daktari wake, wote wawili.

Aibu

La mwisho katika kuzoea ndilo lililokuwa zito kuliko mikanda. Mtu hujiuliza: mke wangu ataniona vipi? Watoto je? Mama yangu mzazi alipokuja kututembelea akaiona mashine, alitokwa na machozi. Kwake yeye, mtu akifungwa mipira puani ni kwamba safari imekaribia. Nilimwambia, "Mama, njoo ukae kitandani kwangu usiku huu, utazame." Akaja na tasbihi yake. Mama watoto ananiambia kuwa alikaa pale karibu nusu saa, akinitazama kifua kinavyopanda na kushuka bila kelele, kisha akasimama akasema, "Alikuwa analala hivi alipokuwa mtoto." Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeniuliza kwa simu kama nimevaa.

Hapo ndipo nilipolifahamu jambo ninalotaka kuwaachia. Mashine naivaa mimi, lakini usingizi unaorudi si wangu peke yangu. Nyusiku za mwanzo mama watoto alikuwa akishtuka kwa sababu ya ukimya, akaweka mkono kifuani kwangu kuhakikisha nipo. Siku hizi ananitangulia kulala. Ameacha kuhesabu. Mashine nayo huandika kila usiku: katika kumbukumbu za karibuni, pumzi yangu hukatika mara 3 kwa saa, kutoka 42. Maradhi hayajaondoka. Nikilala bila mashine, yanarudi. Ni kama miwani: humsaidia mtu aliyeivaa, si aliyeiweka sandukuni.

Kwenu wanafunzi na wazazi

Tatizo hili huwapata watoto pia. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku, anayelala mdomo wazi, anayetokwa na jasho na kugeukageuka, anayekojoa kitandani baada ya kuwa ameshaacha, au anayeshindwa kutulia na kushika somo, apelekwe kwa daktari. Kwa watoto sababu huwa mara nyingi ni mafindofindo au nyama za nyuma ya pua kuwa kubwa, na wengi wao hutibiwa kwa kuziondoa, bila kuhitaji mashine kama yangu.

Kwa hiyo mwenzako akisinzia darasani, usimcheke wala usimwite mvivu. Mwambie mwalimu, au mwambie mama yake. Na ukilala chumba kimoja na babu, baba au ndugu yako, ukasikia mkoromo unakatika ghafla, ukimya unakaa, kisha anavuta pumzi kama aliyeibuka kutoka majini, mwambie asubuhi kwa adabu. Yeye hawezi kujua. Wewe uliyekuwa macho ndiye shahidi wake, na huenda neno lako hilo moja likawa sababu ya yeye kupona.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wanaowauguza, na atujaalie usingizi wenye raha na kuamka kwenye kheri. Amin.

Wabillahi tawfiq.