Kufundisha Fasihi ya Watu Wenye Majina Mengi

Katika madarasa yetu ya fasihi limezoeleka swali ambalo mwalimu hulitoa mapema, mara tu baada ya kumtaja mwandishi na mwaka wa kitabu: mhusika mkuu ni mtu wa namna gani? Wanafunzi hujibu kwa orodha. Ni maskini, ni mwanamke, ni mpole, ni Mzigua. Orodha huandikwa ubaoni, hunakiliwa madaftarini, na hurudi kama ilivyo katika karatasi ya mtihani. Nimeuona ufundishaji huu mara nyingi katika kukagua mazoezi ya kufundisha, na sina ugomvi nao iwapo kitabu ni hekaya ambayo mhusika wake habadiliki toka mwanzo hadi mwisho. Lakini vipo vitabu vya Kiswahili ambavyo orodha hiyo huviua. Navyo ni vile vinavyosimulia watu ambao jina lao, kabila lao na daraja yao katika jamii vilibadilika mara kadha, pengine kwa hiari yao, mara nyingi kwa nguvu za wengine.

Mfano ulio karibu nasi ni Wasifu wa Siti Binti Saad, ulioandikwa na Shaaban Robert. Siti alizaliwa Fumba, katika kisiwa cha Unguja, karibu na mwaka 1880. Asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezi, na ya mama yake Uzigua, hali wao wenyewe walizaliwa Unguja. Mtoto akaitwa Mtumwa. Jina la Siti, ambalo kwa Kiarabu lina maana ya bibi mwenye heshima, alipewa baadaye, na mpaji wake alikuwa Mwarabu. Mwalimu na asimame hapa kidogo. Mtu mmoja ameitwa mtumwa, kisha akaitwa bibi, na majina yote mawili yametoka katika mfumo ule ule uliowagawa watu kuwa waungwana na watumwa. Tukimwuliza mwanafunzi Siti alikuwa mtu wa namna gani, tumemlazimisha achague jina moja na kuyatupa mengine.

Tarehe husaidia sana. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, ingawa masuria hawakuingizwa katika amri hiyo mpaka mwaka 1909. Basi Siti alikuwa msichana wa miaka kumi na saba hivi sheria ilipobadilika. Alikuwa mfinyanzi wa vyungu kama mama yake, na mwaka 1911 akahamia mjini. Huko alifundishwa muziki, akawa mwimbaji wa taarabu kwa Kiswahili wakati ambapo taarabu ya jumba la Sultani iliimbwa kwa Kiarabu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Mahasidi wake walitunga wimbo wa kumkebehi kwa asili yake na kwa nguo aliyoingia nayo mjini, naye akajibu kwa wimbo.

Habari hiyo ya nguo si jambo dogo, na naona huachwa ipite upesi mno darasani. Kaniki lilikuwa vazi la watumwa na maskini. Baada ya 1897 wanawake waliokuwa watumwa walivaa kanga zenye rangi, na baadaye buibui, ambalo zamani lilikuwa alama ya wanawake wa daraja ya juu. Hawakungoja mtu awape cheo, walikivaa. Vilevile yalikuwapo mabadiliko katika daftari za serikali. Baina ya sensa ya 1924 na ile ya 1931, idadi ya watu waliojiandikisha kuwa Waswahili visiwani ilipungua mno, na wakaongezeka waliojitaja kwa majina ya wenyeji wa visiwa, kama vile Wahadimu, Watumbatu na Washirazi. Watu hao hawakuhama. Waliyahama majina. Mwanafunzi asemaye kwamba walidanganya, na aulizwe nani alikuwa ameliweka lile jina la kwanza.

Kitabu cha pili ninachopenda kisomwe pamoja na hicho ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka mwaka 1934. Hiki kinahusu watu waliotekwa bara, wakaokolewa baharini na manowari za Waingereza, wakawekwa Freretown, karibu na Mombasa, makao yaliyoanzishwa na Wamisheni katika miaka ya 1870. Walitoka Uyao, Unyasa na kwingineko, na watoto wao wakakua wakisema Kiswahili. Wahakiki wengi wamekilaumu kitabu hiki kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi. Lawama hiyo ina haki yake, ila huwa imetolewa kabla ya kusoma vizuri. Mtu ambaye wazee wake hawakuwa tena na kijiji cha kurejea, na ambaye wenyeji wa pwani hawakumhesabu kuwa mwenzao, angejisimulia kwa jina gani ila lile la mkombolewa? Shukrani zake ni sehemu ya habari yenyewe, na ndizo za kuchunguzwa darasani.

Sasa niingie katika jambo linalonitia wasiwasi. Wanachuo wetu hupenda kuanza masomo haya kwa kuwaagiza wanafunzi waandike nasaba zao, baba, babu, na kuendelea juu. Kwa kanuni ya kutoka kwenye kijulikanacho kwenda kisichojulikana, zoezi ni zuri. Katika shule moja ya mwambao nilikuwa nimeketi nyuma ya darasa la Kidato cha Pili zoezi hilo likifanywa. Msichana mmoja aliandika jina la mama yake, la bibi yake, na chini yake maneno haya: hapa bibi alininyamazisha. Mwanachuo alikuwa na busara. Aliyakusanya madaftari wala hakuyasoma kwa sauti. Pamoja na hayo, nashauri zoezi lenyewe liachwe. Katika miji ya pwani watu wanajua ukoo gani ulikuwa mali ya ukoo gani, nao hunyamaza mpaka ije posa. Hapo ndipo neno kufu hutolewa sandukuni, na binti mwenye elimu na tabia njema hukataliwa kwa jambo lililompata mama wa bibi yake. Mwalimu hana idhini ya kulifungua sanduku hilo mbele ya wanafunzi arobaini, na wengine wao ni majirani.

Kitabu kinatupa njia nyingine. Wanafunzi wayakusanye majina yote aliyoitwa mhusika, na kwa kila jina waulize maswali matatu: nani alimwita hivyo, lini, na kwa faida ya nani. Kisha waulize ni jina gani alilitumia mwenyewe. Kwa kazi hii vipindi viwili havitoshi. Mimi huomba vinne, na huvipata kwa kupunguza muhtasari wa sura, ambao wanafunzi wanaweza kuuandika nyumbani. Zoezi halimgusi mtoto yeyote, na aliye na bibi mnyamavu atasikia yanayomhusu bila ya kutajwa.

Maswali yakiulizwa hivyo mjadala huwa mkali. Mara ya mwisho nilipolisimamia somo hili, kijana mmoja alitaka kujua kwa nini jalada la kitabu halikubeba jina la Mtumwa, ambalo ndilo alilozaliwa nalo. Mwenzake akamjibu kwamba marehemu hakuliimbia jina hilo. Wa tatu akasema kuwa kulificha ni kuwafichia aibu waliompa. Niliwaacha wabishane, nikawataka kila mmoja alete ukurasa wa kutetea neno lake.