Fimbo Haikumfunza Simba

Binti yetu mdogo alipoingia jikoni akiwa ameshika kiganja kinachovuja damu, baba watoto hakuuliza neno. Alichukua fimbo. Simba, mtoto wa mbwa wa wiki kumi, alijificha chini ya kabati. Na alipovutwa kwa mguu, akamng'ata na yeye.

Niliwaosha wote wawili kwa sabuni na maji yanayotiririka muda wa dakika 15, kisha tukaenda hospitali. Ndugu msomaji, mbwa akiuma, hata awe mdogo, hata awe wa nyumbani, usikisie. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, ni nadra mno mtu kupona. Baba na binti wakapanga foleni moja ya sindano, maana Simba alikuwa bado hajachanjwa, nasi tukaagizwa tumfunge na kumwangalia kwa siku 10. Siku hizo sitazisahau. Kila asubuhi nilikwenda kutazama kama amekunywa maji.

Muuguzi alikuwa ameniuliza, "Mama, huyo mbwa mlimtoa kwa mama yake akiwa na umri gani?"

Wiki tano. Wezi walikuwa wametuibia redio, tukawa na haraka ya kupata mlinzi. Sikujua kwamba majuma yale ndiyo darasa lake. Mtoto wa mbwa akimuuma nduguye kwa nguvu mchezoni, nduguye hulia na kuacha mchezo. Hivyo hujifunza kupima meno yake. Sisi tulimtoa darasani mapema, kisha tukamchapa kwa kutolijua somo.

Siku 10 zilipopita salama, tukaanza upya bila fimbo. Akiuma, mtu aseme "Basi!", asimame, amgeuzie mgongo kwa nusu dakika. Akitulia, mchezo uendelee. Kwa kuwa meno yake ya utotoni yalikuwa yakimwasha, nilimfungia mafundo tambara la kanga kuukuu, nikaliloweka maji baridi, akalitafuna badala ya vidole vyetu.

Kazi kubwa haikuwa kwa mbwa, bali kwetu. Shemeji yangu alizoea kumchokoza kwa mkono akicheka. Watoto walikimbia wakipiga kelele, naye akadhani ni mchezo. Baba watoto alisema mbwa asiyeogopa fimbo hafai kulinda nyumba. Mwanafunzi gani angefaulu kwa walimu kama hao? Ilituchukua miezi miwili, na katikati yake tulimbeba Simba kikapuni kwenda kuchanjwa alipotimiza miezi mitatu, binti yetu akimshika masikio kwa mkono wenye kovu.

Jioni moja baba watoto alirejea kutoka kiwandani. Simba akamrukia, akaudaka upindo wa suruali. Nilimwona mwenzangu akiinua mkono, kisha akaushusha.

"Basi," alisema, akageuka, akasimama wima kama mlingoti wa bendera.

Simba akaiachia suruali, akaketi. Wakabaki hivyo wawili hao, kila mmoja akimngoja mwenziwe, hata chakula kikaanza kupoa.