Kabla Ukope Pesa za Spika, Sukuma Kwanza Hizo Uko Nazo

Wasee, leo naongea kitu ambacho hakitaniletea doo. Nikiwaambia mnunue spika fulani, kuna muuzaji atafurahi na huenda akanikumbuka. Nikiwaambia msukume zile mko nazo, hakuna mtu ananilipa. Lakini wiki haiishi kabla mtu aniulize kama achukue mkopo wa simu, ati spika zake mbili ndogo hazina besi, ama besi inavuma tu. Nikimuuliza ameziweka wapi, jibu karibu kila mara ni lile lile: kwa rafu, kando ya TV, mgongo umeshikana na ukuta.

Jina ndilo linatuchezea. Tunaziita spika za rafu kwa sababu ni ndogo, zinatoshea hapo. Lakini nyingi zina tundu la hewa nyuma, na sehemu ya besi hutokea huko. Ukizibana kwa ukuta, besi inavimba na kufunika mwimbaji, ni kama anaimba akiwa ndani ya pipa. Zilete mbele sentimita 30 hivi, usikize. Bado inavuma? Ongeza sentimita 5. Imekuwa nyembamba? Rudisha kidogo.

Kabla ya hapo, angalia waya. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, spika zote mbili. Moja ikigeuzwa, spika moja inasukuma hewa wakati nyingine inaivuta, na besi zinauana. Kuna mtu anataka kuuza spika zake saa hii na shida ni waya tu.

Sasa twende kwa chumba. Bedsita zetu nyingi upande mmoja ni kama futi 10, yaani mita 3.05. Sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Chukua 343, gawanya kwa mara mbili ya huo upana, unapata kama 56. Hiyo ni besi ya mitetemo 56 kwa sekunde, na chumba chenyewe kinaicheza vile kinataka: karibu na ukuta inajaa, katikati kabisa inapotea. Mimi chuo niliacha, lakini hii ni hesabu ya primari. Maana yake ni kwamba msee anayesikiza akiwa ameegemea ukuta na yule amekaa katikati ya chumba wanasikia besi tofauti kabisa kutoka kwa spika zile zile. Kwa hivyo songesha kiti kabla hujasongesha pesa. Anzia kama theluthi moja ya chumba kutoka ukuta ulio nyuma yako, halafu jaribu mbele na nyuma.

Ukishapata kiti, pima pembetatu. Umbali kati ya spika na spika uwe sawa na umbali kutoka kila spika hadi kichwa chako. Kwa keja ndogo, mita moja na nusu inatosha, na kamba ya viatu inaweza kupima. Twita, ile spika ndogo ya juu, iwe usawa wa sikio, isiongee na magoti yako. Stendi ni ghali, kwa hivyo mimi zangu zimekaa juu ya kreti za soda, na kitambaa kimekunjwa katikati ili plastiki isitetemeke.

Halafu piga makofi mara moja. Ukisikia mlio mkali unarukaruka kati ya kuta, hiyo ni mawe na taili zinakujibu. Mwambie rafiki apitishe kioo kwa ukuta wa kando ukiwa umekaa kwa kiti chako. Pale unapoiona spika ndani ya kioo, ndipo sauti inagonga kwanza kabla ikufikie. Tundika duveti la mitumba hapo, ama zile jaketi ziko kwa msumari. Duveti litatuliza ukali, lakini besi halitaiweza. Dawa ya besi ni kusukuma.

Utajuaje umefika? Weka wimbo wa Sauti Sol wenye sauti kadhaa, funga macho. Kwa nyimbo nyingi mwimbaji mkuu huwekwa katikati, kwa hivyo unafaa kumsikia pale kati ya spika, mahali hakuna kitu. Kisha weka benga. Noti za gitaa la besi zinatoka moja moja, ama zimeungana kuwa mvumo? Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, wimbo uwe ule ule, na usiguse volyumu, kwa sababu kikiongezwa tu sikio linadhani kimekuwa kizuri. Weka alama na selotepu. Kaa na hiyo siku mbili kabla ubadilishe tena.

Kwangu hii si starehe tu. Ninaedit video kwa hicho chumba. Chumba kikiongeza besi ya uongo, mtu anayeedit anaipunguza, halafu video inafika kwa simu yako ikiwa nyembamba na kavu. Na kuna jirani pia. Spika zikiwa mahali pake unasikia kila kitu kwa volyumu ya chini, na hakuna mtu anagonga ukuta saa nne usiku.

Spika zingine ni mbovu kweli, si uongo. Zipo, na Luthuli utauziwa mpya. Lakini ukizibeba hadi kejani na kuziweka kwa rafu ile ile, mgongo kwa ukuta ule ule, utakuwa na mvumo ule ule pamoja na deni la kulipa kila mwezi. Jumamosi hii toa spika kwa rafu, tafuta kamba na selotepu, ujipe saa mbili. Mkopo bado utakuwa hapo Jumatatu kama utauhitaji.